Upinde wa mvua uliovunjika mguu, pwani ya Mwambani, Tanga: naomba tuelewane

#1 Mwana wa Mwambani

Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari za jioni.

Nina jambo linaninyima usingizi tangu Jumapili, na nimeona nilimwage humu kwa sababu humu kuna watu wa kila fani.

Jumapili alasiri nilikuwa Mwambani, kusini kidogo ya Tanga mjini, nimekaa juu ya miamba nasubiri maji yajae nivue kwa mshipi. Kusi limeshaanza, na mnalijua lilivyo mwezi huu wa tano: bahari ina ghadhabu, wimbi likipiga mwamba rasharasha zinapanda juu kuliko mnazi mchanga. Kama saa kumi na moja hivi jua lilikuwa limeshashuka upande wa Muheza, nyuma ya mgongo wangu, na mvua inanyesha baharini mbele yangu, kule kunakoelekea Pemba. Upinde ukatoka. Mzima, mkubwa, na juu yake wa pili hafifu.

Mpaka hapo hakuna jipya. Sie watu wa pwani upinde wa alasiri juu ya bahari tumekua nao. Kilichonishtua ni mguu wa kushoto. Ulikuja vizuri kutoka juu, ukateremka mpaka karibu na mstari wa bahari, halafu pale ulipoingia kwenye rasharasha za mawimbi ukakatika. Haukufifia. Ulikatika, na kipande cha chini kikaendelea na rangi zake zote, nyekundu nje na zambarau ndani, ila kimesogea ndani kidogo, mfano wa upondo wa kusukumia mtumbwi uliochovywa majini unavyoonekana umevunjika pale maji yanapoanzia. Wimbi likitulia, kile kipande kinapotea. Wimbi likipiga, kinarudi palepale, kimesogea vilevile.

Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Nikasimama, nikachuchumaa, nikahama hatua kumi. Bado umevunjika.

Mwenzangu akasema ni upepo unausukuma. Sikuridhika, lakini sikuwa na hoja ya kumjibu. Picha ya simu imejaa matone kwenye kioo, ila ukiitazama kwa utulivu mkato unaonekana.

Kuna aliyewahi kuona kitu hiki? Ni nini hasa? Na mwenye upinde wowote wa ajabu aliouona kwa macho yake, tafadhali auweke hapa.

#2 Chumbageni Kwetu

Nafuatilia uzi. Sie huku mjini mvua ilitupita, hata upinde hatukuuona.

#3 Mjukuu wa Kigombe

Marehemu bibi yangu hakuuita upinde, aliuita kisiki cha mvua. Akitukuta tunaunyooshea kidole anatupiga kofi la mkono, anatuambia kikunjeni kabla hakijaoza. Kwake ulikuwa pumzi ya nyoka mkubwa wa majini anayetoka kuizuia mvua.

Ya mguu uliovunjika siyajui. Lakini kuna neno alilisema ambalo nimelichunguza miaka yote na sijaliona likikosea: kisiki cha asubuhi hukaa bara, cha jioni hukaa baharini. Mwenye kujua sababu yake atuambie, maana mie naamini hilo na la mguu wako yanatoka mlango mmoja.

#4 Mwalimu wa Sayansi

Wanajukwaa, nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi na ni mara ya kwanza naona swali hili likiletwa na mtu aliyeliona mwenyewe. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Bibi wa Kigombe alikuwa mtazamaji hodari. Upinde wa mvua siku zote uko upande wa pili wa jua. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo upinde unasimama bara, kwenye vilima vya Usambara. Jioni jua liko bara, upinde unahamia baharini. Hauwezi kufanya vinginevyo. Ukitaka kujua kitovu chake kiko wapi, tazama kivuli cha kichwa chako: pale penye kivuli ndipo katikati ya duara. Kutoka hapo hesabu nyuzi 42 za pembe kwenda upande wowote, utakutana na rangi nyekundu. Kama huna kipimo, nyoosha mkono wako wote, tandaza vidole, pima shibiri, kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 20 na kitu. Kwa hiyo upinde uko shibiri mbili kutoka kivuli cha kichwa, uwe Tanga, Bagamoyo au Uchina.

Kwa nini 42? Miale ya jua inaingia kwenye tone, inapinda, inagonga ukuta wa nyuma wa tone, inarudi, inapinda tena ikitoka. Tone ni duara, kwa hiyo miale inaingia sehemu tofauti na inatoka kwa pembe tofauti. Sasa fikirini mpira uliorushwa juu. Unapanda kwa kasi, ukikaribia kilele unapunguza, unakaa pale kidogo, kisha unashuka. Ukipiga picha nyingi za mpira ule bila kuangalia, nyingi zitaukuta karibu na kilele. Ndivyo ilivyo miale ndani ya tone: pembe ya kutokea inapanda mpaka nyuzi 42 kisha inaanza kurudi, na miale mingi inarundikana pale kwenye kilele. Rundo hilo ndilo upinde. Nyekundu inapinda kidogo kuliko zambarau, kwa hiyo kilele chake kiko 42 na cha zambarau kiko karibu na 40. Ndiyo maana rangi zinatengana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1300 Mwajemi mmoja, Kamal al-Din al-Farisi, alitaka kuliona jambo hili kwa macho. Tone halishikiki, basi akachukua tufe la kioo, akalijaza maji, akalifanya kuwa tone kubwa la kuchunguza, na akafuatilia mwanga ndani yake. Nyakati hizohizo, bila kujuana naye, Theodoric wa Freiberg kule Ujerumani akafanya karibu jambo lilelile. Ni enzi ambayo majahazi ya Uajemi yalikuwa yanakuja pwani yetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Hesabu ya hiyo 42 ikaja kuandikwa wazi na Descartes mwaka 1637, na Newton baadaye akaonyesha kwa mche wa kioo kwamba mwanga mweupe una rangi zote ndani yake.

Sasa mguu wako, Mwana wa Mwambani. Mwenzako aliyesema ni upepo hakuwa sahihi, na sababu ni nzuri kuijua. Upinde si kitu kilichosimama mahali kikasukumwa. Matone yanaanguka na kupeperushwa muda wote, lakini kila tone linalopita kwenye ile pembe linawaka, likitoka linazimika, lingine linashika zamu. Upepo unaweza kuyahamisha matone, hauwezi kuihamisha pembe. Wewe mwenyewe ulihama hatua kumi na upinde ukahama nawe. Mwenzako aliyekaa pembeni yako alikuwa anaona upinde wake, wa matone mengine.

Pembe inabadilishwa hasa na kitu kimoja: uwezo wa maji yenyewe kupinda mwanga. Na wewe ulikuwa na maji ya aina mbili mbele yako. Juu palikuwa na mvua, maji baridi yasiyo na chumvi. Chini palikuwa na rasharasha za bahari. Maji ya chumvi yanapinda mwanga zaidi kidogo, na duara lake linakuwa dogo kwa kama nyuzi 0.8. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo mguu wako ulisogea ndani zaidi ya upana wa mwezi mmoja na nusu. Hicho ndicho ulichokiona.

Ulikuwa unaona chumvi, ndugu yangu.

#5 Mwana wa Mwambani

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Hapo mwisho nimesisimka mwili.

Kwa hiyo niliona chumvi ya bahari kwa macho, bila kuonja. Haya, swali moja: na ule wa pili wa juu, hafifu? Nakumbuka rangi zake zilikuwa kinyume, nyekundu chini. Na anga katikati ya pinde mbili lilikuwa jeusi kuliko kwingine, nikadhani ni wingu.

#6 Mwalimu wa Sayansi

Si wingu. Upinde wa pili unatoka kwenye miale iliyogonga ndani ya tone mara mbili kabla ya kutoka. Unakaa nyuzi 51 hivi, na ile mara ya pili ya kugonga ndiyo inayogeuza rangi. Sasa, miale ya upinde wa kwanza yote inarudi ndani ya nyuzi 42, ya upinde wa pili yote inarudi nje ya nyuzi 50. Katikati hakuna miale inayokuja kwako, basi anga linaonekana jeusi. Ukanda ule unaitwa kwa jina la Alexander wa Aphrodisias, aliyeuandika kama miaka 1800 iliyopita. Mara nyingine tazama na upande wa ndani ya upinde wa kwanza: pamekuwa peupe kuliko nje. Watu wengi wanaishi maisha yao yote bila kuliona hilo na liko wazi.

Upo na wa tatu, lakini huo uko upande wa jua lenyewe, umemezwa na mwanga. Picha yake ya kwanza ilipatikana Ujerumani mwaka 2011 tu.

#7 Nahodha Mstaafu

Assalamu alaykum wanangu. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, mie nasema yeye anabonyeza.

Mie nimeuona upinde wa usiku. Watu wengi nikiwasimulia huniangalia kama mtu anayehadithia mashetani, basi nilinyamaza miaka. Leo naona pana watu wa kusikiliza.

Tulikuwa tunatoka Wete kuja Tanga na jahazi, tumepakia karafuu na nazi. Mwezi wa kumi na sita, umepungua kidogo tu. Alfajiri ya mapema, kabla ya adhana, mwezi uko mbele yetu umeinama upande wa bara, mkubwa, unang'aa. Nyuma yetu, upande wa Pemba, likawa linakuja wingu la mvua. Nikageuka kutazama tanga kama linahitaji kupunguzwa, nikaona juu ya maji tao jeupe. Jeupe kabisa, kama mtu amechora kwa chokaa, kutoka bahari mpaka bahari. Baharia mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Mie nilishika usukani, moyo unanipiga, lakini sikuogopa, nilikuwa nalitazama tu uzuri wake. Likakaa kiasi cha kunywa kikombe cha kahawa, kisha mvua ikatufikia.

Tangu siku ile sijaliona tena, na bahari nimekaa nayo zaidi ya miaka arobaini.

#8 Mwalimu wa Sayansi

Mzee wangu shikamoo. Ulichokiona ni upinde wa mwezi, na maelezo yako yamekamilika kuliko ya vitabu: mwezi mbele umeinama, mvua nyuma. Kanuni ni ileile, mwezi uwe chini ya nyuzi 42 na uwe karibu na mpevu. Haukuwa mweupe kwa kweli. Rangi zote zilikuwamo, lakini mwanga wa mwezi mpevu ni dhaifu kuliko wa jua kwa kama mara 400,000, na jicho la binadamu kwenye giza la namna ile haligawi rangi. Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde nyingi inazitoa zote. Kule maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) watu husafiri mahsusi kuuona usiku wa mwezi mpevu, kwa sababu mvuke wa maporomoko upo muda wote.

Na nadhani najua kwa nini wavuvi wetu hawauzungumzii. Wavuvi wa dagaa wanaingia baharini siku za giza, kwa taa. Mbaamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, vyombo vinalala. Usiku ambao upinde ule unaweza kutoka ndio usiku ambao watu wako nyumbani.

#9 Nahodha Mstaafu

Wallahi umesema kweli. Mbaamwezi sie tulikuwa tunashona matanga na kuziba nyufa za vyombo. Ahsante mwanangu. Umenitua mzigo.

#10 Binti Dunda

Naingilia kutoka Bagamoyo. Yangu haihusiani na mvua hata kidogo, ndiyo maana nimesita.

Mwaka jana mwezi wa nane, nilikuwa ufukweni kwenye soko la samaki, saa tano na nusu mchana, jua kali, hakuna hata dalili ya mvua. Juu kulikuwa na yale mawingu membamba kama pamba iliyochambuliwa. Ghafla wakaangaji wa samaki wakaanza kuitana. Baharini, upande wa kaskazini mashariki, palikuwa na mkanda wa rangi umelala. Narudia, umelala, haukujipinda. Umenyooka kama kitambaa kilichoanikwa, nyekundu juu, kisha njano, kijani, buluu, rangi safi kuliko upinde wowote niliowahi kuuona. Kwa kipimo chenu hicho cha mkono, kama shibiri moja juu ya bahari.

Mabishano yaliyotokea pale siwezi kuyaeleza. Mmoja akasema ni dalili ya tetemeko, bahari itapanda. Wapo wakinamama walioacha karai la mafuta motoni wakapandisha mtaani na watoto wao. Mwingine akasema ni moshi wa ndege. Mie nilibaki, lakini nakiri miguu ilikuwa haina nguvu. Baada ya dakika ishirini hivi ukaisha, mawingu yakasogea.

Ulikuwa nini?

#11 Mwalimu wa Sayansi

Dada, kwanza niulize: jua lilikuwa wapi?

#12 Binti Dunda

Upande uleule. Juu yake. Nilikinga jua kwa ungo ili nione vizuri.

#13 Mwalimu wa Sayansi

Basi jibu limepatikana, na umefanya vyema kukinga jua, maana kulitazama kavu kunaumiza jicho.

Kila mtu anayeona rangi angani ajiulize hilo kabla ya yote: jua liko nyuma yangu au mbele yangu? Likiwa nyuma, ni matone. Likiwa mbele, upande uleule wa rangi, mara nyingi ni barafu.

Ndiyo, barafu juu ya Bagamoyo. Yale mawingu ya pamba iliyochambuliwa yako juu sana, kilomita sita na zaidi, na kule ni baridi kuliko jokofu la barafu la wauza samaki. Hayana matone, yana chembe za barafu. Baadhi ni bapa zenye pembe sita, kama vigae vidogo, na zikishuka zinalala kifudifudi jinsi jani linavyotua likianguka kwenye hewa tulivu. Mwanga unaingia kwa ubavu wa kigae na kutokea chini yake. Kigae kinakuwa mche, uleule wa Newton, mamilioni kwa mamilioni, yote yamelala sawa. Ndiyo maana rangi zilikuwa safi kuliko za mvua. Mkanda wenyewe unakaa nyuzi 46 chini ya jua, shibiri mbili na kidogo. Siku yako jua lilikuwa karibu nyuzi 65 juu. Toa 46. Inabaki 19, na wewe umesema shibiri moja juu ya bahari. Hesabu imekaa.

Jambo lililobaki ndilo ninalolipenda zaidi. Mkanda huu hautoki mpaka jua livuke nyuzi 58. London jua halivuki nyuzi 62 hata siku yake ya juu kabisa, kwa hiyo wanaweza kuupata kwa wiki kama kumi za kiangazi, saa za karibu na adhuhuri tu. Edinburgh hawaupati milele. Sisi? Tanga, adhuhuri ya mwezi wa sita, ambapo jua letu liko chini kuliko mwezi wowote, bado linafika nyuzi 61. Mwezi wa tatu na wa kumi linapita utosini, na linakaa juu ya 58 kwa saa nne nzima, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa nane na nusu. Tuna anga la kuuona kila mwezi wa mwaka. Tunaukosa kwa sababu adhuhuri hakuna anayeinua kichwa.

Na kumbuka kinyume chake: kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri upinde wa mvua wa kawaida hapa kwetu hauwezi kuonekana ukiwa umesimama chini, kwa sababu jua limevuka 42 na duara lote limeshuka chini ya upeo. Mtu akikuambia ameona upinde adhuhuri, hakusema uongo, ila si wa mvua.

#14 Binti Dunda

Nimewasomea wenzangu sokoni kwa sauti. Yule aliyekimbia na watoto ameomba nimtumie kwa simu.

#15 Kijana wa Soni

Nami nichangie kutoka milimani. Irente, Lushoto, asubuhi jua linatoka nyuma yako na bonde lote chini limejaa ukungu. Niliona kivuli changu juu ya ukungu, kirefu, na kuzunguka kichwa kuna duara dogo la rangi, kama taji. Ndugu yangu aliyesimama kando akasema taji liko kichwani kwake, si kwangu. Tukabishana.

#16 Mwalimu wa Sayansi

Wote mlisema kweli. Kila mmoja anaona taji kwenye kivuli chake mwenyewe. Matone ya ukungu ni madogo mno, chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na hapo mwanga hauendi kama miale iliyonyooka tena bali kama mawimbi yanayopishana, ndiyo yanayotengeneza hizo pete. Ukirudi Irente tazama mbali zaidi na kivuli, shibiri karibu mbili: huenda ukaona tao pana, jeupe, nene. Huo ni upinde wa ukungu. Rangi zake zimetanuka mpaka zikachanganyika.

#17 Mama Neema

Niwaulize kwa heshima. Mimi kanisani nimefundishwa kuwa upinde ni agano la Mungu na Nuhu. Mkishaueleza kwa tone na pembe, agano linabaki wapi?

#18 Mwana wa Mwambani

Shikamoo mama. Mie ni Mwislamu lakini nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe. Kabla ya uzi huu nilikuwa nautazama upinde dakika moja, nasema Subhana-llah, naendelea na mshipi wangu. Sasa nautazama mpaka uishe na naisema tasbihi hiyo mara nyingi zaidi. Kujua 42 hakujanipunguzia kitu, mama.

#19 Mama Neema

Nimekuelewa mwanangu. Ubarikiwe.

#20 Mwana wa Mwambani

Wanajukwaa nimerudi, na nimekuja na kazi.

Maneno ya Mwalimu niliyaamini, ila nilitaka kuyaona. Jumamosi nimeazima mabomba mawili ya mgongoni ya kupulizia dawa za mimea, mapya, hayajawahi kutiwa dawa. Moja nikajaza maji ya bomba, jingine maji ya bahari niliyoyateka Mwambani palepale. Saa kumi na moja kasoro robo, uwanjani, jua mgongoni, mbele yangu mwembe mkubwa wenye kivuli cheusi ili rangi zionekane. Wadogo zangu wawili wakasimama kushoto na kulia ya kivuli changu, wakapuliza juu kwa pamoja.

Nusu ya kushoto, maji ya bomba. Nusu ya kulia, maji ya bahari. Pinde mbili zikapanda kukutana juu, na hazikukutana. Wa bahari ulipita ndani ya mwenzake, kwa kadiri ileile ya Jumapili. Nikawaambia wabadilishane mabomba bila kubadilisha sehemu za kusimama. Mkato ukahamia upande wa pili. Hapo watoto wa mtaani waliokuwa wanatazama wakaanza kugombania zamu ya kusimama nilipo.

Na niliona jambo ambalo sikulitarajia. Matone yakiwa karibu namna ile, ukifumba jicho la kulia upinde unaruka kwenda upande mmoja, ukifumba la kushoto unaruka upande mwingine. Mwalimu, kwa hiyo hata macho yangu mawili kila moja lina upinde wake?

#21 Mwalimu wa Sayansi

Kila moja lina wake. Mvua ikiwa mbali tofauti haionekani, matone yakiwa hatua tatu kutoka kwako inaonekana. Hilo la kubadilishana mabomba ni la mtafiti kamili. Ungepata tofauti kwa sababu ya upande au ya anayepuliza usingejua, lakini kwa kubadilisha umeondoa shaka hiyo. Nitalipeleka darasani Jumatatu.

#22 Mvuna Chumvi

Mie nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya mji. Nimesoma uzi mzima kimya. Kama maji ya bahari yanausogeza upinde kiasi hicho, basi njoo uchukue maji ya kwetu. Kwenye jaruba la mwisho la kukaushia maji, kabla chumvi haijaanza kuganda, maji ni mazito, ukitia mkono ukakausha juani unabaki mweupe kama umepakwa unga. Nakupa madumu mawili bure. Sharti moja: uniite nikaone.

#23 Mwalimu wa Sayansi

Mwana wa Mwambani, usikose nafasi hii. Nimekaa nikapiga hesabu. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa yanapaswa kutoa upinde wa karibu nyuzi 36, nyuzi sita pungufu ya mvua. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10, kwa hiyo utaona pengo la zaidi ya nusu ngumi. Likitokea dogo, maji hayajashiba. Likitokea kubwa kuliko hapo, nimekosea hesabu mimi.

#24 Mwana wa Mwambani

Tumefanya jana. Tulikuwa watu kumi na wawili, pamoja na Mvuna Chumvi na mke wake, na Nahodha kaletwa na mjukuu wake kwa bajaji, kakaa kwenye kiti chini ya mwembe.

Kushoto maji ya bomba, kulia maji ya jaruba. Pengo lilikuwa wazi hata kwa asiyeambiwa atazame nini. Upinde wa chumvi ulikaa ndani kabisa, mdogo, unabana, kama mtoto mgongoni mwa mama. Nikanyoosha mkono, nikapima kwa ngumi: vifundo viwili na kidogo vya vidole kati ya vinne. Mwalimu, nusu ngumi na kidogo, umeipata.

Mvuna Chumvi hakusema neno kwa muda. Kisha akasema miaka yote anapima maji yake kwa kuonja na kwa kutazama yanavyoganda, na hakujua kuwa jua linaweza kuyapima kwa kuyarusha hewani. Anataka kujaribu majaruba yote, moja baada ya jingine, kutoka la kwanza linalopokea bahari mpaka la mwisho, aone upinde unavyopungua hatua kwa hatua.

Nahodha aliomba apewe bomba mwenyewe. Akapuliza akiwa amekaa. Akauliza: "Na hii tukiifanya usiku, mwezi ukiwa umeinama?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, basi tumepanga. Mwezi ukipevuka, alfajiri, Mwambani, pale pale kwenye miamba. Bomba nimelisuuza mara tatu kwa maji baridi lisiliwe na chumvi. Mwenye kamera inayoweza kuachwa wazi muda mrefu naomba anitafute.

#25 Chumbageni Kwetu

Kamera ninayo, na stendi yake. Mnakutana saa ngapi?

#26 Mwana wa Mwambani

Saa kumi alfajiri. Njoo na koti, kusi linauma.